Dhiki na Faraja: Tuliyojifunza Shule Zilipofungwa

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyepata kuandika ubaoni methali isemayo "Baada ya dhiki faraja". Imo katika vitabu vya kiada, imo katika mitihani, na aghalabu mwanafunzi akitakiwa kutunga insha yenye mwisho mwema, ndiyo methali anayoikimbilia. Kwa kuwa imezoeleka mno, ni rahisi kuipita bila kuitazama. Katika makala haya twakusudia kuitazama, si kwa macho ya darasani peke yake, bali kwa macho ya watu waliopata kuishi ndani yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Dhiki ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni wembamba wa mahali, yaani kubanwa na kukosa nafasi. Faraja nayo asili yake ni kufunguka, kupatikana kwa mwanya baina ya vitu viwili vilivyokaribiana mno. Kwa hiyo methali hii, ukiitazama katika mizizi yake, yasema: baada ya kubanwa, kupata nafasi. Haisemi utajiri. Haisemi kwamba yaliyopotea yatarudi. Wala haisemi kwamba aliyeteseka atalipwa. Yasema nafasi tu, kama ile ya mtu aliyebanwa ukutani akapata mahali pa kupitisha bega. Tena maneno ya katikati, "baada ya", yaonyesha mfuatano wa wakati. Hayatuambii faraja huletwa na nani, wala huja kwa njia gani. Je, huja yenyewe kama asubuhi ijavyo baada ya usiku, au ni lazima ifanyiwe kazi? Hilo ndilo swali la makala haya.

Sisi tunafundisha Jinja, nchini Uganda, mahali ambapo mto Naili unatoka ziwani kuanza safari yake ya kaskazini. Ni mji uliokusanya watu wa makabila mengi waliofuata kazi za viwanda na za bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954, na katika mitaa kama Walukuba Kiswahili hakikusubiri mwalimu. Watu walikitumia ili waelewane. Haya tutakayoyaeleza tuliyapitia pamoja na jamaa zetu, majirani na walimu wenzetu, na ndiyo maana tunayasema kwa wingi.

Mwaka 2020 ulianza kwa walimu wa Kiswahili wa Uganda kama mwaka wa neema. Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha rasmi ya pili ya nchi kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini kwa miaka mingi uamuzi huo ulibaki katika maandishi. Watu wengi walikuwa bado wakikihesabu kuwa lugha ya askari na ya wanyang'anyi, kwa sababu ya kumbukumbu za miaka ya utawala wa kijeshi. Basi mnamo Februari 2020 ukaanza mtaala mpya wa sekondari ya chini, ambao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo. Sisi tuliokuwa tumezoea kupewa vipindi vya saa za jioni, wakati watoto wamekwisha choka, tukapewa vipindi vya asubuhi. Tuliandika maazimio yetu ya kazi kwa mwandiko wa fahari.

Wiki chache baadaye, tarehe 20 Machi 2020, shule zote nchini zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Ilisemwa kuwa ni mwezi mmoja. Madarasa ya mitihani yaliruhusiwa kurudi Oktoba mwaka huo, na madarasa mengine yakarudishwa kwa zamu mwaka 2021. Lakini mwezi Juni 2021 milango ikafungwa tena. Hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa na kufungwa huko kwa karibu miezi 22, na hakuna nchi iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko huo.

Hapa hapana budi tueleze jambo ambalo msomaji wa nchi nyingine huenda asilitambue. Walimu walioajiriwa na serikali waliendelea kupata mishahara yao. Walimu wa shule za watu binafsi, ambao ni wengi sana katika Uganda, walikuwa wakilipwa kutokana na karo za wanafunzi. Na mwanafunzi asiyekuja shule halipi karo. Sisi tulikuwa miongoni mwa hao. Mshahara wa Machi ulifika nusu. Wa Aprili haukufika. Baada ya hapo hatukuuliza tena, kwa maana mwenye shule naye alikuwa akiuza madawati.

Wapo watakaodhani kuwa dhiki ni njaa. Njaa ni sehemu yake, lakini si yote. Tulitoka kwenye milo mitatu tukafika miwili, kisha mmoja, na mwili ukazoea upesi kuliko tulivyotazamia. Tuliuza baiskeli, kisha meza, kisha kitanda cha wageni, na nyumba ikabaki na mwangwi. Lililotubana zaidi lilikuwa jina. Katika mtaa wetu mwalimu haitwi kwa jina alilopewa na wazazi. Huitwa "Mwalimu" na mkubwa kwa mdogo. Jina hilo lina heshima yake na lina gharama yake pia. Mwalimu haombi unga. Mwalimu hakopi chumvi. Mwalimu hapiti mbele ya duka ambako anadaiwa, bali huzunguka nyuma ya nyumba za watu kama mwizi, akisubiri giza liingie. Na siku zile hata giza lilikuwa na askari wake, kwa kuwa amri ya kutotembea usiku ilianza saa moja jioni.

Hivyo ndivyo dhiki inavyofanya kazi yake. Huanza kwa kubana mfuko, ikahamia tumboni, mwishowe ikabana njia anazopita mtu na watu anaoweza kuwatazama usoni. Alikuwapo mwalimu mwenzetu wa hisabati, mtu mcheshi, hodari wa kazi yake, aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwa miezi miwili hakutoka mchana. Tukibisha hodi, alijibu kutoka ndani kuwa yu mzima, anapumzika. Asubuhi moja ya Juni tukakuta mlango wake uko wazi na chumba ni kitupu. Alikuwa ameondoka usiku ili asikutane na mwenye nyumba. Aliacha ukutani ratiba ya vipindi vya muhula wa kwanza. Hatujapata kumwona tangu siku hiyo, na simu yake haiiti. Tunamtaja hapa bila kumlaumu hata kidogo. Tunamtaja kwa sababu methali ile, kama faraja ingekuja yenyewe kwa kupita kwa siku tu, ingemfikia yeye pia, maana naye alingoja kama sisi.

Mwaka huo ziwa nalo halikutuacha. Mvua nyingi zilikuwa zimenyesha tangu mwaka 2019, na maji ya Ziwa Viktoria yakapanda mwezi kwa mwezi. Mnamo Aprili 2020 kisiwa cha majani kinachoelea kilisukumwa na maji mpaka kwenye bwawa la Nalubaale hapa Jinja, na tarehe 14 ya mwezi huo umeme ukazimika nchi nzima. Mwezi wa Mei kipimo cha Jinja kilifika meta 13.42, kikapita kile cha mwaka 1964 cha meta 13.41, ambacho wazee walikuwa wakikitaja kama hadithi ya kale. Ufukoni Masese, ambako mashua za dagaa hutua, maji yaliingia katika vibanda, yakafunika mahali pa kuanikia samaki. Watu waliokuwa tayari wamekatazwa kusafiri na kukusanyika wakanyang'anywa hata ardhi ya kusimama.

Ni huko Masese, mahali palipoonekana pamebanwa kuliko pote, ndiko tulikofunguliwa njia. Jirani yetu mmoja alikuwa mjane wa makamo anayeuza dagaa. Watu wote tulimwita Mama. Jioni moja alikuja mpaka mlangoni petu, akakaa kizingitini bila kukaribishwa, akavua viatu vyenye matope.

"Mwalimu," akasema, "kalamu bado unayo?"

Tukamjibu kuwa ipo.

"Basi kesho njoo ufukoni utuandikie. Mwandishi wetu amerudi kwao kijijini, na daftari limekuwa ugomvi. Fedha hatuna, lakini hutarudi mikono mitupu."

Hakusema neno la huruma. Hakuuliza tumekula nini. Alikuwa ameyaona yote, kwa kuwa kuta za mtaa wetu ni nyembamba, lakini alitufikia kwa njia ya haja yake mwenyewe, ili tusione haya. Katika miaka yetu yote ya kujifunza na kufundisha adabu ya lugha, hatujapata kusikia sentensi iliyopangwa kwa adabu kubwa kuliko ile: "Kalamu bado unayo?"

Asubuhi yake tulikwenda. Tuliwakuta akina mama wapatao ishirini, wameketi mbalimbali kama ilivyoamriwa, na katikati yao sanduku la chuma la rangi ya buluu. Kilikuwa chama chao cha akiba. Kila wiki kila mmoja hununua hisa, hata moja tu ya shilingi 2,000. Zikikusanyika, mwenye haja hukopeshwa na kurudisha kwa nyongeza ndogo, na mwisho wa mwaka hugawana. Sanduku lile lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, hata mwenyekiti. Kazi yetu ilikuwa kuandika katika daftari la kila mwanachama, na kusoma kwa sauti yaliyoandikwa ili kila mtu asikie. Malipo yetu siku hiyo yalikuwa kopo mbili za dagaa na fungu la mihogo. Tulipika, tukala, na tukalala usingizi.

Kuanzia hapo tulishinda Masese siku nne kwa wiki. Tuliandika hesabu asubuhi, na mchana tukasaidia kuanika samaki, maana mkono wa mwalimu hauna sababu ya kukaa bure. Tulijifunza kuwa dagaa wakianikwa juu ya wavu ulioinuliwa kwa vichanja hukauka safi na kupata bei, ilhali wakianikwa chini huchanganyika na mchanga. Na kwamba mvua moja ya saa kumi yaweza kugeuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku, kikauzwa kwa bei ya kusikitisha. Tulijifunza pia jambo ambalo kwa mwalimu wa fasihi lilikuwa gumu kuliamini. Katika tungo zetu giza ni shari na mbalamwezi ni heri. Kwa mvuvi wa dagaa mambo ni kinyume. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa; samaki hufuata mwanga wa taa pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine. Mwezi ukiwa mpevu, mashua hupumzika na jikoni hupoa. Kwa hiyo wanawake wale hawakulia mwezi ulipochomoza, wala hawakushangaa. Walijua tarehe zake. Katika siku za giza waliweka akiba kwa ajili ya siku za mbalamwezi.

Kisha lugha yetu nayo ikapata kazi. Wanunuzi wakubwa wa dagaa wa Masese walikuwa wakitoka Kongo ya mashariki na Sudani Kusini. Mipaka ilipofungwa kwa abiria, malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mnunuzi hakuweza kuja kuona mali kwa macho yake. Mapatano yote yakawa ya ujumbe wa simu, na ujumbe huo ulikuwa wa Kiswahili. Akina mama walizungumza Kiswahili tangu utotoni, ila wengi wao hawakuwa na mazoea ya kukiandika. Tukawa waandishi wao. Ilitubidi tujifunze kwamba samaki wadogo wa jamii hii Mganda humwita mukene, Mkenya humwita omena, Mtanzania humwita dagaa, wa pwani za Ziwa Tanganyika huko Burundi na Kongo humwita ndagala, na wa Ziwa Kivu ana sambaza wake. Na kwamba mtu akiandika jina lisilofahamika upande wa pili, gunia zima laweza kuzua ugomvi. Somo la msamiati ambalo darasani tulilifundisha kwa dakika arobaini, hapo lilikuwa na bei.

Hatutaki msomaji adhani kuwa tulitajirika, au kwamba miezi ile ilikuwa tamu. Kodi ya nyumba tuliimaliza kulipa mwaka 2023. Mtoto wetu wa pili aliugua malaria mara mbili mwaka 2021, na mara ya pili tulimbeba mgongoni hadi hospitali kwa sababu nauli ya pikipiki haikuwepo. Mama yule aliyetuita alifiwa na kaka yake katika wimbi la Juni 2021, wala hakuruhusiwa kumwosha. Dhiki haikuondoka. Lililobadilika ni kwamba ndani yake palikuwa na mahali pa kusimama, na watu wa kusimama nao. Hiyo ndiyo faraja kwa maana yake ya asili, nasi tunashuhudia kwamba haikuja *baada* ya dhiki. Ilianza katikati yake.

Sasa turudi kwenye methali. Kiswahili kinazo nyingi za mlango huu, na zikisikika moja moja huonekana kupingana. "Subira yavuta heri," tunaambiwa, nasi twafahamu: tulia, ngoja. Papo hapo twaambiwa, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu," nasi twafahamu: usitulie, toka, tembea ufukoni, utapata kitoweo. Mwanafunzi mwerevu huuliza ashike ipi. Sisi twaona kwamba jibu limo ndani ya kitenzi. Mhenga hakusema kuwa subira yangoja heri. Alisema *yavuta*. Anayevuta anashika kamba, anakaza miguu, anatoka jasho, na mara nyingi havuti peke yake. Mtu aliyewaona wavuvi wakivuta wavu usiku hawezi kudhani tena kuwa kuvuta ni kukaa. Kwa hiyo mwenye subira na mgaagaa na upwa ni mtu yule yule. Subira ni ile nguvu inayomfanya arudi ufukoni kesho, hali leo hakupata.

Wazazi wetu walilijua hilo kabla yetu. Katika miaka ya 1970, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na viwanda kuanguka, sukari na sabuni na chumvi vilikuwa vitu vya foleni na magendo hata hapa Jinja, mji uliozungukwa na miwa. Wazee husimulia walivyokunywa chai kwa sukari guru, na jinsi walimu walivyolima mihogo nyuma ya nyumba zao za shule. Lakini ukiwasikiliza vizuri, hawasimulii chakula peke yake. Husimulia nani aliyewagawia, nani waliyemgawia, na nani aliyewafungia mlango. Hicho ndicho kinachobaki katika kumbukumbu baada ya njaa kusahaulika.

Kutokana na haya, twapenda kuweka mbele ya walimu wenzetu mambo matatu.

Kwanza, dhiki yapenda siri, na siri ndiyo ukuta wake wa nne. Mtu akibaki na pande tatu zimezibwa bado anaweza kutoka kwa ule wa nne, yaani kwa watu. Kwa hiyo jirani akijifungia, tusiridhike na jibu la "mimi mzima" linalotoka nyuma ya mlango. Wala tusimwendee na huruma mikononi, kwa kuwa huruma humwongezea haya. Tumwendee na haja. Kila mtu ana kalamu yake. Tumwulize kama bado anayo.

Pili, tusidharau mwanya kwa sababu ni mdogo. Kopo mbili za dagaa si mshahara. Lakini aliyekataa kopo mbili kwa kungoja mshahara alingoja miezi 22. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenye kibaba anaweza kumwalika mwingine.

Tatu, tuzitumie methali kwa uangalifu, sisi ambao kazi yetu ni kuzifundisha. Methali ni dawa, na dawa ina kipimo na ina wakati. Kumwambia mwenye njaa kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha, kisha ukaenda zako, ni kutumia hekima ya wahenga kama kufuli. Yule Mama wa Masese hakutupa methali hata moja siku ile. Alitupa kazi. Methali tulizipata baadaye, tulipokuwa tumeshiba, na ndipo zilipotuingia.

Januari 2022 tulirudi darasani. Waliorudi si wote walioondoka. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikuwa imekadiria kwamba karibu asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi kabisa, na kwetu Busoga hatukuhitaji makadirio ili kulijua hilo: wavulana tuliowafundisha ngeli tulikutana nao wakikata miwa, na wasichana tukakutana nao wakiwa na watoto mgongoni. Baadhi ya wasichana hao walirudi, kwa kuwa serikali iliruhusu wajawazito na wenye watoto waendelee na masomo. Mmoja wao aliketi karibu na dirisha, na kila saa nne bibi yake alimletea mtoto uani anyonye.

Muhula huo ulipofika wakati wa insha, tuliwapa ile mada ya zamani: "Baada ya dhiki faraja." Madaftari mengi yalikuwa na hadithi tunazozijua, za yatima aliyekuwa daktari na maskini aliyeokota fedha. Msichana yule aliandika ukurasa mmoja tu. Alieleza siku baba yake alipomwambia asirudi nyumbani, na siku bibi yake alipomfuata kwa shangazi na kumwambia kwamba kuna mtama wa kupepeta na yeye macho yake hayaoni vizuri. Mwishoni aliandika swali badala ya hitimisho: "Mwalimu, na faraja isipokuja?"

Swali hilo hatukulisahihisha kwa wino mwekundu. Tulimwita baada ya kipindi, tukamwonyesha mstari wa katikati ya ukurasa wake, pale bibi alipofika kwa shangazi. Tukamwuliza: "Hapa palikuwa na mtama kweli wa kuhitaji watu wawili?" Akafikiri. Akacheka kidogo, akasema, "Ulikuwa ungo mmoja tu, Mwalimu." Akachukua daftari lake akaenda, maana mtoto alikuwa analia nje.

Mwanzoni mwa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na siku chache baadaye dunia ikaadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kazi iliyo mbele bado ni kubwa, na walimu hawatoshi. Wengine walikuwapo mwaka 2020, wakapotea katika miezi ile. Leo wanaendesha pikipiki, wanafyatua matofali, wanachoma chapati kando ya barabara, na mmoja hatujui aliko.

Ndugu walimu, twawaomba msiwaache hao wahesabiwe kuwa wameacha kazi. Katika kila mji mnamofundisha wapo. Mtafuteni mmoja kabla ya muhula huu kwisha. Msimpelekee pole. Mpelekeeni madaftari ya kusahihisha, au kipindi kimoja cha mtoto aliyebaki nyuma, au tamthilia ya wanafunzi inayohitaji mtu wa kuisimamia. Kisha lipeni mtakachoweza, na mkae kizingitini kwake mpaka ajibu.